Genshin Impact: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Watu wengi wana msimamo mkali kuhusu Genshin Impact, na wengi wao hawajaicheza hata saa mbili. Mmoja atakuambia ni kamari iliyovishwa katuni. Mwingine atasema ni gemu bora kuliko zote na ni ya bure, pakua tu usiogope. Mimi naona hivi: ulimwengu wa gemu hii ni miongoni mwa kazi nzuri zaidi ambazo mtu anaweza kuingia bila kulipa kiingilio, na mfumo wake wa kuuza wahusika ni mkali kiasi kwamba haufai kuguswa kabla ya kupiga hesabu. Anayeipima lazima atoe hukumu mbili. Uvumi mwingi unazaliwa pale watu wanapozichanganya.

"Ni gemu ya Kijapani"

Macho makubwa, nywele za rangi na mapanga marefu kuliko mwenye nayo huwafanya watu wafikirie Japani moja kwa moja. Walioitengeneza ni miHoYo, kampuni ya Shanghai iliyoanzishwa mwaka 2012 na vijana watatu waliosoma Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha jijini humo: Cai Haoyu, Liu Wei na Luo Yuhao. Nje ya China inajulikana zaidi kwa jina la HoYoverse. Gemu ilitoka tarehe 28 Septemba 2020 kwa simu, kompyuta na PlayStation 4 kwa mpigo, na gharama ya kuitengeneza iliripotiwa kufika dola milioni 100 hivi.

Ulimwengu wake unaitwa Teyvat, na kila nchi ndani yake imechukua sura ya mahali fulani duniani. Mondstadt ina vinu vya upepo na makanisa ya Kijerumani. Liyue ni China ya milima iliyochongoka na bandari yenye shughuli nyingi. Inazuma ndiyo Japani, Fontaine ni Ufaransa, na Sumeru imechota Uajemi, India, Uarabuni na Misri. Muziki wake unastahili makala peke yake: mtunzi Yu-Peng Chen aliwapa nyimbo za Mondstadt wapigaji wa London Philharmonic Orchestra, na za Liyue akawapa Shanghai Symphony Orchestra. Ukipanda mlima wa Liyue jioni huku filimbi na vinanda vinapokezana, utaelewa kwa nini kuna watu wanaoiwasha ili watembee tu bila kupigana na yeyote.

Hapo hapo pana doa ambalo siwezi kulipita. Nchi ya Natlan iliyofunguliwa Agosti 2024 imechota waziwazi tamaduni za wenyeji wa Amerika ya Kusini, za Polinesia na za Afrika Magharibi. Yumo mhusika anayeitwa Iansan, jina la mungu wa dhoruba katika dini za Brazili zenye asili ya Kiyoruba. Wahusika wengi wa nchi hiyo walipooneshwa mara ya kwanza, walikuwa weupe. Wachezaji walilalamika, na hata baadhi ya waigizaji wa sauti za Kiingereza walisema hadharani kwamba hawakupendezwa. Kuna wanaojibu kwamba ni njozi tu, Teyvat haiko duniani. Jibu hilo halinitoshi. Studio iliyojua kuchora kila kigae cha paa la Kichina kwa uangalifu ingeweza kuzichora pia ngozi za watu ambao imekopa majina yao, ngoma zao na mavazi yao. Iansan mwenyewe ana ngozi ya kahawia, na wapo wahusika wengine wachache wa kuchezea katika Teyvat nzima, lakini ukiwahesabu humalizi vidole.

"Wameiga Zelda, hakuna jipya"

Shutuma hii ilianza kabla gemu haijatoka. Mwaka 2019, kwenye maonesho ya ChinaJoy mjini Shanghai, kijana mmoja alivunja PlayStation 4 yake mbele ya banda la Sony kwa hasira, kwa kuwa Sony ilikuwa inaitangaza kazi aliyoiona ya wizi. Studio yenyewe haikuficha kwamba The Legend of Zelda: Breath of the Wild, gemu ya Nintendo ya mwaka 2017, iliwapa mwanga. Kupanda kila ukuta hadi pumzi ikukatikie, kuruka na mabawa kutoka kileleni, kupika porini: vyote vimetoka huko.

Ila mapigano ni kitu kingine kabisa. Unakwenda na wahusika wanne na kuwabadilisha katikati ya pambano, na kila mmoja ana asili moja kati ya saba: moto, maji, umeme, barafu, upepo, mwamba au mimea. Adui aliyelowa maji ukimpiga kwa barafu anaganda. Moto ukikutana na umeme unalipuka na kumrusha mbali. Moto juu ya maji unazidisha maumivu. Kwa hiyo ustadi uko katika mpangilio wa nani anatangulia na nani anafuata, na mchezaji aliyeelewa hilo humshinda mwenye silaha ghali asiyeelewa. Hiki ndicho kilichonishika mimi, na sijakiona kwa ubora huu katika gemu nyingine ya bure.

"Ni bure kabisa," na pacha wake, "bila pesa hufiki popote"

Yote mawili si kweli. Hadithi kuu, nchi zote, mapango, hazina na sherehe za msimu viko wazi kwa asiyelipa hata senti. Kila baada ya wiki sita hivi huja toleo jipya, nalo pia ni bure. Utapewa Amber, Kaeya na Lisa mapema kabisa, pamoja na msafiri wako mwenyewe, na kwa timu ya namna hiyo hadithi inaisha.

Kinachouzwa ni bahati ya kupata wahusika wengine. Hapo ndipo uvumi unapokuwa mwingi kuliko hesabu, basi tuipige.

Kuvuta mara moja, yaani kujaribu bahati hiyo, kunagharimu Primogem 160, vito vinavyotumika kama pesa ndani ya gemu. Kazi za kila siku zinakupa 60, yaani kama 1,800 kwa mwezi: takriban mara 11 za kuvuta. Sherehe, uvumbuzi wa ramani na changamoto huongeza juu yake. Anayenunua kifurushi cha mwezi kwa karibu dola 5 anapata 300 papo hapo na 90 kila siku kwa siku 30, jumla 3,000, ambayo ni kama mara 18. Ukiamua kutoa pesa, kifurushi hiki ndicho pekee ninachoweza kukitetea. Hakilingani hata kidogo na kununua vito moja kwa moja.

Uwezekano uliotangazwa wa kupata mhusika wa nyota tano, daraja la juu kabisa, ni asilimia 0.6 kwa kila unapovuta. Watu husoma namba hiyo na kusema utavuta mara 160 na zaidi ndipo umpate mmoja. Sivyo. Ipo dhamana: ukifika mara ya 90 bila nyota tano, unapewa kwa lazima. Kwa kumbukumbu walizokusanya wachezaji wenyewe, uwezekano huanza kupanda kwa kasi mnamo mara ya 74. Ukijumlisha dhamana, kiwango rasmi ni asilimia 1.6, maana yake wastani ni mara 62 hadi 63 kwa mmoja.

Lakini huyo mmoja huenda asiwe uliyemkusudia. Mhusika anayetangazwa msimu huo ana takriban nusu ya nafasi, iliyoongezwa kidogo tangu toleo la 5.0 la mwaka 2024. Ukimkosa, nyota tano inayofuata ni yeye bila shaka. Hivyo katika hali mbaya kabisa utavuta mara 180, Primogem 28,800. Kifurushi kikubwa cha vito kinauzwa dola 99.99 na, ukishatumia ofa ya mara ya kwanza, kinakupa 8,080. Mhusika mmoja, kwa asiye na akiba wala bahati, ni vifurushi vinne: dola 400. Anayetaka kumkamilisha mhusika huyo kwa kupata nakala zake sita za ziada anaweza kufika karibu dola 2,500. Sijui jina lingine la kuita hilo zaidi ya bei mbaya.

Uvumi mdogo mdogo unaozunguka jambo hili unaweza kumalizwa haraka. Kuvuta usiku wa manane, au ukiwa umesimama mbele ya sanamu fulani, hakubadilishi kitu. Hesabu yako ya kuelekea dhamana haifutwi msimu ukiisha. Inahamia kwa mhusika anayefuata wa aina hiyo hiyo ya bango (ofa ya muda ya kuvutia mhusika au silaha fulani), kwa hiyo hakuna sababu ya kumalizia vito vyako usiku wa mwisho kwa hofu. Na mhusika akipita hajapotea milele. Hurudi, ingawa hakuna ratiba ya wazi, na wengine kama Wriothesley waliwasubirisha wapenzi wao zaidi ya mwaka mzima. Subira hiyo inauma kweli, na kampuni inajua kwamba inauma.

Bango la silaha ni la kuachwa na kila mtu asiyelipa. Sina la kuongeza.

"Nguvu ziko kwa nyota tano"

Muulize yeyote aliyecheza miaka kadhaa kuhusu Bennett, Xiangling na Xingqiu. Wote watatu ni nyota nne. Bennett anaponya na kuongeza nguvu ya mashambulizi kwa wakati mmoja, Xiangling anazungusha moto, Xingqiu anashusha mvua ya panga, na asili zao zinagongana vizuri mno. Xiangling hutolewa bure kwa anayevuka ghorofa ya tatu ya Spiral Abyss, sehemu ya changamoto za mapigano yenye ghorofa. Timu yao imewatoa watu kwenye ghorofa ya 12, ambayo ndiyo ya juu, tangu mwaka wa kwanza. Ni kweli kwamba maadui wa miaka ya karibuni wana uhai mwingi zaidi, na wahusika wapya wa nyota tano huumiza zaidi. Hata hivyo ghorofa hizo ni hiari, na zawadi yake ni ndogo ukilinganisha na kelele zinazopigwa juu yake.

"Ni ya mtandaoni, kwa hiyo unacheza na umati"

Intaneti inahitajika muda wote, ila unacheza peke yako. Kumwalika rafiki kunafunguka ukifika kiwango cha 16 cha safari yako (Adventure Rank), na ulimwengu mmoja unabeba watu wanne tu. Wachezaji hawapigani wao kwa wao. Anayetafuta vyama, vita vya koo na soko la kuuziana mali atakata tamaa. Anayetaka utulivu atafurahi. Ajiandae lakini kwa mazungumzo marefu, maana Paimon, kiumbe mdogo anayeandamana na msafiri, hasemi sentensi moja pale anapoweza kusema tano, na wachezaji wamelalamika kwa miaka kutaka kitufe cha kuyaruka.

"Ni katuni, mwache mtoto acheze"

Mzazi asome hapa taratibu. Barani Ulaya gemu imepewa alama ya miaka 12 na kuendelea, kwa ajili ya mapigano yake. Tatizo kubwa zaidi ni duka. Pesa halisi inageuzwa Genesis Crystals, hizo zinageuzwa Primogem, Primogem zinanunua tiketi, na tiketi ndiyo inayovuta. Baada ya hatua hizo, hata mtu mzima hajui tena ametumia shilingi ngapi. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni hiyo imekubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi iliyoishutumu kwa kuwapotosha watoto na vijana kuhusu gharama na uwezekano wa kushinda. Kampuni ilisema haikubaliani na mengi ya madai hayo. Kwa masharti ya makubaliano, nchini Marekani walio chini ya miaka 16 hawauziwi bahati hizo bila idhini ya mzazi.

Kwetu, mlinzi ni mzazi mwenyewe. Simu ya mama yenye akaunti ya Google Play iliyounganishwa na kadi, au na M-Pesa kama ilivyo Kenya, inafaa iwekewe nywila ya kila ununuzi kabla mtoto hajaishika. Ni kazi ya dakika mbili kwenye mipangilio ya duka.

"Simu yoyote inatosha"

Hapana. Inakula makumi ya gigabaiti za nafasi, na kila toleo jipya linapakuliwa tena kwa gigabaiti kadhaa, kwa hiyo tafuta wi-fi au bando la usiku. Simu ya bei ndogo itawaka moto na kukwama katikati ya pambano. Ukicheza kawaida, baada ya kupakua, data inayotumika ni kidogo kuliko ya kutazama video.

Kiswahili hakimo kati ya lugha zake, si kwa sauti wala kwa maandishi, kwa hiyo wengi wetu tunasoma Kiingereza au Kifaransa. Na unapofungua mara ya kwanza utaulizwa uchague seva. Kutoka Afrika Mashariki, ya Europe ndiyo huwa nyepesi zaidi kwa kuwa njia nyingi za intaneti yetu zinaelekea huko. Ulichokusanya kwenye seva moja hakihamishiwi nyingine, hivyo kama rafiki zako wanacheza Asia, kubalianeni kabla hujabonyeza.