Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kununua sensa

Ukiuliza gari linakula nini, kila mtu atajibu petroli. Hewa huliwa zaidi: kilo 1 ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa kipimo cha kituo cha mafuta, lita 1 huenda na lita 9,000 hivi za hewa. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi; petroli ikizidi, huwa mzito.

Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huanza kwa kukadiria. Hupima hewa inayoingia, joto la injini na mizunguko yake, kisha hupanga nozeli zinazopulizia petroli zifunguke milisekunde ngapi. Baada ya hapo husubiri majibu ya sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye ekzosi, kabla ya masega, kile kichujio cha kusafisha moshi. Sensa ya aina ya zirkonia, ikishapata joto la nyuzi 300 hivi, hutoa karibu volti 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito na 0.1 ukiwa mwepesi. Volti hizo hupanda na kushuka bila kutulia, na ndivyo inavyotakiwa. Inayoganda ndiyo ya kutiliwa shaka.

Kila sahihisho boksi huliweka kwa asilimia. Kwenye magari mengi, ikilazimika kuongeza petroli kupita kama asilimia 25, huwasha taa na kuandika P0171: mchanganyiko mwepesi. Msimbo huo hausemi sensa imekufa. Wengi huusoma hivyo, na wauza vipuri hawalalamiki.

Kijana mmoja alituletea gari akiwa ameshanunua sensa mbili. Tukachomeka mashine ya kusoma boksi. Kwenye silensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa, boksi lilikuwa linaongeza asilimia 27; tukakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi 5. Hapo tukajua kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupimwa. Injini ikiwa kwenye silensa inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi inaonekana sana. Ukikanyaga, inamezwa na hewa halali. Tulikuta mpira wa hewa umepasuka upande wa chini, karibu na klipu. Sensa zote, hata ile ya zamani, zilikuwa zinasema kweli.

Ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa ni balaa jingine. Hewa ya nje huvutwa ndani, sensa huona wepesi usiokuwepo, boksi humwaga petroli bure, plagi huwa nyeusi na masega huungua. Kwa hiyo ukifika gereji, omba kwanza usomewe zile asilimia, kwenye silensa na kwenye 2,500, kabla fundi hajashika spana.