Pauli Murray na mimbari ya shangazi

Nikifundisha historia ya Kanisa la Episkopo la Marekani, yaani Waanglikana wa huko, swali hili halikosi: Pauli Murray alikuwa mwanasheria, ukasisi kaupata uzeeni, sasa anatafuta nini kwenye somo la theolojia? Huwa naanza kujibu kwa kitabu cha ubatizo.

Mwaka 1854, parokia ya Chapel of the Cross, mjini Chapel Hill, North Carolina, ilimbatiza mtoto aitwaye Cornelia, mtumwa wa Mary Ruffin Smith. Baba yake alikuwa Sidney, ndugu yake huyo Mary, aliyembaka Harriet, mtumwa wa nyumbani kwao. Kwa hiyo mwanamke aliyemmiliki Cornelia alikuwa shangazi yake. Shangazi hasa, wa damu.

Cornelia ndiye nyanya yake Murray.

Habari za sheria nazipitia mbio. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1944 akiongoza darasa, Chuo Kikuu cha Harvard kikamkataa kwa kuwa mwanamke, na kitabu chake cha 1951 kuhusu sheria za ubaguzi wa rangi kikawa silaha ya mawakili wa haki za raia. (Waandishi wa Kiingereza siku hizi hubishana wamtaje kwa kiwakilishi kipi, cha kike au cha kiume, maana Murray mwenyewe alijiuliza kuhusu jinsia yake. Mimi Kiswahili kimeniokoa.) Mwaka 1973, akiwa na miaka 62, aliacha uprofesa Chuo Kikuu cha Brandeis akaingia chuo cha theolojia New York, wakati kanisa lake lilikuwa bado halijaruhusu wanawake kuwa makasisi. Ruhusa ilipitishwa 1976.

Tasnifu yake ya theolojia iliweka theolojia ya Weusi na ile ya wanawake kwenye mizani moja. Zote mbili alizipenda, zote mbili akazikosoa: wanaume Weusi walizungumzia ukombozi kana kwamba wake na dada zao wameshakombolewa, na wanawake weupe walisahau rangi na umaskini. Kwangu mimi hapo ndipo anapostahili kiti chake darasani.

Aliwekewa mikono kuwa kasisi, Washington, tarehe 8 Januari 1977. Tarehe 13 Februari akaongoza Ushirika Mtakatifu wake wa kwanza, Chapel of the Cross. Biblia aliyosoma ilikuwa ya Cornelia. Mimbari ndogo alipoiweka ilikuwa imetolewa kwa kumbukumbu ya Mary Ruffin Smith.