Mwaka wa mchapishaji mdogo wa hadithi za ajabu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi huuwaza mwaka wa mchapishaji mdogo wa bunilizi za kisayansi, fantasia na mashairi ya aina hiyo namna hii: miswada inaingia Januari, mashine zinanguruma, vitabu vinatoka, na Desemba ikifika mwandishi na mchapishaji wanagawana faida. Sehemu ya kweli katika picha hiyo ni miswada tu. Hiyo huingia kweli, tena mwaka mzima.

Dhana: Vitabu vya mwaka huu ni kazi ya mwaka huu.

Kitabu kinachotoka Juni mara nyingi kilikubaliwa mwaka mmoja au zaidi kabla. Katikati kuna mkataba, uhariri wa maudhui, uhariri wa lugha, jalada, upangaji wa kurasa na usomaji wa prufu, yaani nakala ya mwisho ya kukagua makosa. Kisha kuna kipindi ambacho walio nje hawakioni. Majarida yanayosomwa na wauza vitabu na wakutubi hutaka nakala za mapema miezi mitatu au minne kabla ya kitabu kutoka, la sivyo hayakihakiki. Kitabu kinakuwa tayari, kinasomeka, na bado kinakaa. Mwandishi anayelalamika "si mkitoe tu?" anaomba, bila kujua, kitabu chake kitoke bila mtu kusikia.

Tarehe nayo ina hesabu zake. Tuzo kadhaa za fani hii, Hugo mojawapo, huangalia mwaka wa kalenda ambao kazi ilitoka kwanza. Kitabu cha Desemba hupimwa pamoja na cha Januari, ilhali chenyewe kimekuwa mikononi mwa wasomaji kwa wiki chache. Mimi ningekisogeza hadi mwaka unaofuata, hata mwandishi akinuna.

Dhana: Wanaochapishwa huko ni waliokataliwa kwingine.

Wapo, na historia haiwaonei haya. August Derleth na Donald Wandrei walianzisha Arkham House mwaka 1939 ili kuchapisha hadithi za H. P. Lovecraft, aliyefariki miaka miwili nyuma, baada ya wachapishaji wakubwa kutozitaka. Walipiga chapa nakala 1,268, na zilichukua miaka kwisha. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa kitabu cha kwanza cha Ray Bradbury mwaka 1947. Karibu na wakati wetu, Small Beer Press ya Kelly Link na Gavin Grant ilitoa riwaya ya kwanza ya Sofia Samatar mwaka 2013, na mwaka uliofuata riwaya hiyo ikashinda tuzo ya World Fantasy.

Sisemi kila kitabu cha mchapishaji mdogo ni lulu iliyopuuzwa. Vingine vilistahili kukataliwa huko pia. Tofauti ni kwamba mdogo anaweza kuchukua kitabu kitakachouza nakala elfu moja au mbili na maisha yakaendelea. Mkubwa, mwenye mishahara mingi ya kulipa, hana nafasi hiyo.

Dhana: Kitabu kikitoka stoo, pesa zimeingia.

Hapa ndipo urafiki mwingi huvunjika. Duka hununua kwa punguzo, mara nyingi asilimia 40 au zaidi ya bei iliyo jaladani, na msambazaji naye ana fungu lake. Kinachobaki ndicho kinacholipia uchapaji, mchoraji, mhariri na mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo. Isitoshe, katika biashara ya vitabu ya Marekani duka linaruhusiwa kurudisha nakala zisizouzwa na kurejeshewa fedha, desturi iliyoshika wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Tuseme nakala 800 zimesafirishwa Oktoba. Huenda 300 zikarudi Februari, kona zimepinda, haziuziki tena kama mpya.

Ndiyo maana mikataba mingi ina kipengele cha akiba ya marejesho: sehemu ya mrabaha huzuiwa mpaka ijulikane zipi zimeuzwa kweli. Anayekisoma mara ya kwanza huona kama anaibiwa. Aulize akiba hiyo ni asilimia ngapi na inashikiliwa kwa muda gani. Asipopata jibu, hapo ana haki ya kushuku. Na anayemwambia mwandishi alipie uhariri na jalada ndipo achapishwe, huyo anauza huduma, hata ajiite nani.

Dhana: Mambo ni ya kubuni, kwa hiyo mhariri hana cha kusahihisha.

Kinyume chake, kazi huongezeka. Mhariri wa fantasia hutunza daftari: mwezi wa pili wa sayari unaitwaje, siku ina saa ngapi, mganga akitumia nguvu zake anapoteza nini, na je, katika sura ya 19 alipoteza? Hakuna ramani wala kamusi ya kumwokoa. Ushahidi wote uko ndani ya mswada wenyewe.

Dhana: Ushairi na sayari za mbali havipatani, na diwani ni ya kujazia ratiba.

Harry Martinson wa Sweden alitoa mwaka 1956 utenzi wa nyimbo 103, *Aniara*, kuhusu chombo kilichokuwa kikielekea Mirihi kikapotea njia moja kwa moja. Mwaka 1974 alipata Nobel, akigawana na Eyvind Johnson. Mwaka 1978 Suzette Haden Elgin akaanzisha chama cha washairi wa fani hii na tuzo ya Rhysling, yenye kundi la mashairi mafupi na la marefu.

Na diwani si kazi nyepesi. Mshororo ukizidi upana wa ukurasa, lazima mtu aamue ukunjwe wapi. Kwenye simu, msomaji akikuza herufi, mishororo yote hukatika ovyo. Kurasa 64 hazigharimu nusu ya 128, maana jalada na usanifu ni vilevile. Shairi lililowahi kutoka jaridani linahitaji haki zake zihakikiwe, moja baada ya jingine.

Dhana: Wataiba wazo langu.

Hakimiliki hulinda maandishi, si wazo, na mawazo hayajawahi kuadimika. Februari 2023 jarida la Clarkesworld lilifunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa sababu ya mafuriko ya hadithi zilizoandikwa na programu za akili bandia. Mhariri aliyefukiwa hivyo anatafuta kazi iliyokamilika.

Dhana: Ukisaini, kitabu si chako tena.

Mkataba wa kawaida humpa mchapishaji ruhusa ya kutumia haki fulani. Hakimiliki hubaki kwa mwandishi. Kipengele cha kukagua ni kile cha haki kurudi. Mikataba mingine husema zitarudi kitabu kikiacha kupatikana. Lakini kitabu kinachochapwa kila kinapoagizwa hakiachi kupatikana kamwe, hata kiuze nakala mbili kwa mwaka. Omba kiandikwe kwa idadi: mauzo ya mwaka yakishuka chini ya nakala kadhaa, haki zirudi.