Nakshi ya Kale Kati ya Makavazi na Kitanda cha Mfumaji

Kazi yangu ni kuchora karatasi za miraba, kila mraba ukiwa fundo moja, ambazo wafumaji wa mazulia huzifuata fundo kwa fundo. Mbunifu huja na wazo, mtunza makavazi hufungua kabati na kutoa kitambaa kilichohifadhiwa kwa miaka mingi, nami hukaa kati yao na mfumaji, ambaye ndiye atakayeketi kwa miezi kadhaa mbele ya mtande, yaani nyuzi za wima zilizovutwa kwenye kitanda cha kufumia. Nikiwa katika nafasi hiyo nimeshuhudia ushirikiano mwingi ulioanza na nakshi ya kupendeza ukaishia kwenye zulia lililopooza, na mara nyingi chanzo kilikuwa kilekile: nakshi ilichukuliwa kama picha, ilhali kitambaa cha kale ni kumbukumbu ya namna kilivyotengenezwa. Anayenakili umbo bila kuuliza lilitokana na mbinu gani huondoka makavazini na nusu tu ya kile alichokiona.

Kilimu, yaani zulia bapa lisilo na manyoya, linaonyesha jambo hili waziwazi. Katika mbinu yake iliyoenea zaidi, mshindio, yaani uzi unaopitishwa kukata mtande, wa kila rangi hugeuka na kurudi unapofika kwenye mpaka wa rangi nyingine. Mpaka huo ukisimama wima kwa safu nyingi, hubaki mwanya kati ya nyuzi mbili za mtande, na mwanya mrefu hulidhoofisha zulia. Kwa sababu hiyo wafumaji wa kilimu waliegemea mistari ya mshazari na kingo zinazopanda kama ngazi ndogondogo, ambazo hugawanya mwanya mmoja mrefu kuwa mianya mingi mifupi isiyo na madhara. Mbunifu anayehamishia nakshi hiyo kwenye zulia la mafundo huwa huru kusimamisha mistari wima apendavyo, lakini akizinyoosha zile ngazi kwa sababu tu anaweza, nakshi hupoteza mwendo wake. Nami humwomba kila mara aamue kwa makusudi ni ngazi zipi zibaki na ni zipi ziondoke.

Mfano wa pili nautoa kwenye vitambaa vya kuchapwa. Mbunifu Mwingereza William Morris alibuni nakshi ya ndege na majani iitwayo Strawberry Thief mwaka 1883, na kitambaa hicho kilichapwa katika karakana yake ya Merton Abbey, alikohamia mwaka 1881. Pamba yote ilitiwa nili kwanza. Kisha sehemu za nakshi zilichapwa kwa dawa ya kuondoa rangi, na nyekundu na njano zikafuata kwa vibao vingine. Maana yake ni kwamba buluu ya kitambaa kile ilitangulia kila kitu, na ndege na majani vilipatikana kwa kuiondoa. Zulia la mafundo halina tabaka la chini la namna hiyo. Uzi wa buluu na uzi mweupe hukaa ubavu kwa ubavu, kila mmoja na fundo lake, kwa hiyo kina ambacho mchapaji alikipata bila kukitafuta, mfumaji hana budi kukijenga. Njia ninayoipendelea ni kutumia buluu mbili au tatu zinazokaribiana, zilizotiwa rangi kwa awamu tofauti, ili uwanda wa nyuma uwe na mawimbi hafifu badala ya kuwa ukuta wa rangi moja. Wafumaji wa mazulia wanayajua mawimbi hayo tangu zamani na huyaita abrashi.

Hesabu ndiyo sehemu ambayo wabunifu wengi huiharakisha, nami ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Zulia la Ardabil, zulia maarufu la Uajemi ambalo maandishi yake yanataja mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540 Miladia, na ambalo makumbusho ya Victoria and Albert ya London yalilinunua mwaka 1893, lina takriban mafundo 5,300 katika eneo la sentimita 10 kwa 10. Kila fundo lake lina upana usiofika milimita moja na nusu, ndiyo maana vikonyo vyake vinaweza kupinda bila kuvunjika. Tuseme sasa mbunifu anataka kuchukua kikonyo kama hicho na kukiweka kwenye zulia lenye mafundo 400 katika eneo hilohilo. Fundo moja litakuwa na milimita tano kila upande. Mstari wa milimita tatu hauwezi kuwepo. Utakuwa wa milimita tano au hautakuwepo kabisa. Kinachotakiwa hapo ni kuchora upya: kuacha majani mawili kati ya matatu, kupanua tawi, kufungua nafasi. Kupunguza picha kwa kompyuta hakusaidii, kwa kuwa programu hukadiria wastani wa rangi na kuleta mafundo ya kijivu ambayo hakuna aliyeyakusudia.

Isitoshe, mafundo si lazima yawe ya mraba. Zulia likiwa na mafundo 40 kwa kila sentimita 10 za upana, na safu 50 kwa kila sentimita 10 za urefu, duara lililochorwa kwenye karatasi yenye miraba 40 kwenda na 40 kupanda litatoka na upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 8 tu. Niliwahi kupokea mchoro wa mawaridi uliokwisha kuidhinishwa na pande zote, na ni mfumaji aliyeona, kabla ya fundo la kwanza, kwamba mawaridi yale yangetoka yamebonyezwa. Tangu hapo sianzi kuchora hadi nipate kipande cha majaribio kutoka kwenye kitanda kilekile cha kufumia kitakachotumika, kwa sufu ileile, kisha nakipima kwa rula.

Rangi huhitaji subira ya aina nyingine. Tulipokuwa tukifanya kazi juu ya kipande kimoja cha kale chenye majani ya buluu, mbunifu alikuwa amejenga mkusanyiko mzima juu ya buluu ile. Mtunza makavazi alikigeuza kipande taratibu, akatuonyesha upande wa nyuma usiofikiwa na mwanga, na majani yalikuwa kijani. Kijani cha zamani mara nyingi kilipatikana kwa kutia nili na rangi ya njano ya mimea pamoja, na njano hiyo huchujuka mapema zaidi kwa mwanga, ikaiacha nili peke yake. Tulizungumza kwa muda mrefu. Mbunifu aliipenda buluu kwa dhati, na buluu ile nayo ni sehemu ya maisha ya kitambaa. Hatimaye alibaki nayo, lakini maelezo yaliyoambatana na mazulia yalieleza kwamba majani yale yalizaliwa kijani. Naona huo ulikuwa uamuzi wa haki, kwa sababu ulifanywa baada ya kukigeuza kitambaa.

Jambo kama hilo huwapata wanaotazama kingo nyeusi za mazulia ya kale. Rangi nyeusi na kahawia iliyokoza mara nyingi ilishikizwa kwa dawa yenye chuma, nayo huila sufu polepole, hadi sehemu nyeusi zikawa chini kuliko sehemu nyingine na nakshi ikaonekana kama imechongwa. Wapo wabunifu wanaoomba mchongo huo ufanywe kwa mkasi kwenye zulia jipya. Sina pingamizi, mradi wafahamu kwamba wanaiga uchakavu ambao aliyelifuma zulia lile hakuukusudia. Ni vizuri pia kujua kipande kilitengenezwa kabla au baada ya mwaka 1856, William Perkin alipogundua rangi ya zambarau ya kemikali, kwa maana baada ya hapo rangi za maabara zilianza kuingia kwenye nyuzi, na baadhi yake hufifia kwa namna tofauti kabisa na zile za mimea.

Kuhusu mfumaji, nasema bila kusita kwamba anapaswa kuwapo tangu kikao cha kwanza. Huko Kashmir wafumaji wamekuwa wakifuata talimu, maandishi ya alama yanayotaja idadi ya mafundo na rangi zake, ambayo husomwa kwa sauti huku wengine wakifuma; mtu aliyelelewa katika kazi hiyo husikia kosa la nakshi kabla ya wewe kuliona. Nchini Uturuki, mradi wa DOBAG ulioanza mwaka 1981 ulirudisha rangi za mimea kwa wafumaji wa vijijini baada ya mkemia Mjerumani Harald Böhmer kuchunguza rangi za mazulia ya kale, na nakshi zilitoka kwenye urithi wa wafumaji wenyewe. Ninapokutana na mbunifu anayemwona mfumaji kama mkono wa kukodi, namkumbusha kwamba zulia la mita mbili kwa tatu lenye mafundo 40 kwa 40 katika kila sentimita 10 lina mafundo 960,000, na kila fundo ni uamuzi mdogo wa mtu huyo. Jina lake linastahili kuandikwa kwenye lebo pamoja na la mbunifu.

Suala la haki nalipitia kwa ufupi. Morris alifariki mwaka 1896, na michoro yake haina kizuizi cha hakimiliki. Eileen Gray, aliyebuni mazulia maarufu mjini Paris, alifariki mwaka 1976, na mfumaji Anni Albers wa Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, mwaka 1994. Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo kazi zao bado zinahitaji ruhusa ya warithi. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalifungua picha nyingi za mkusanyiko wake kwa matumizi huru mwaka 2017. Hata hivyo, uhuru wa picha haukuambii kama nakshi iliyomo bado inatumiwa na jamii iliyoibuni, na swali hilo huulizwa watu wenyewe, mapema, kabla ya nyuzi kutiwa rangi.

Mezani kwangu sasa kuna ukingo wa maua ambao tumeuchora upya mara tatu. Mchoro wa kwanza ulifanana sana na kitambaa cha makavazini, lakini haukufumika. Wa pili ulifumika, lakini maua yalikuwa yamekufa. Wa tatu ulitokana na mfumaji, aliyependekeza petali zitenganishwe kwa fundo moja la rangi ya uwanda badala ya mstari mweusi. Sampuli yake imefika jana, nimeipima, nami nimeanza kuhamisha pendekezo lake kwenye karatasi ya ukingo mzima.