Kauri Isiyovunjika Kama Chungu

Kila mgeni anayeingia karakana yetu ya kauri za roketi na vyombo vya angani huniuliza kauri zetu zinahimili joto kiasi gani. Humjibu, lakini hilo ndilo swali jepesi. Hafniamu kabaidi, mojawapo ya kauri, huyeyuka ikikaribia sentigredi 3,900, na hakuna metali inayoifikia. Joto halijawahi kuwa tabu ya kauri. Tabu yake ni kupasuka. Chuma kikigongwa hubonyea. Kauri ikipata ufa mdogo, ufa hukimbia hadi ng'ambo na kipande chote kimekwenda. Aliyewahi kuangusha chungu analijua hilo.

Chombo cha angani Columbia kiliangamia na wanaanga wake saba tarehe 1 Februari 2003. Ukingo wa mbele wa bawa lake ulikuwa wa kaboni iliyotiwa nyuzi za kaboni, uliobuniwa kwa joto la takribani sentigredi 1,650. Wakati wa kurushwa, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi la nje kikautoboa. Siku ya kurudi, gesi moto ikapita kwenye tundu hilo. Pigo la povu, tena povu jepesi!

Dawa yetu ni nyuzi. Tunachukua nyuzi za kaboni au za silikoni kabaidi (kauri ya silikoni na kaboni), nyembamba kuliko unywele, zilizofumwa kuwa kitambaa. Tunakitandaza kwenye kalibu, kisha tunajaza kauri katikati ya nyuzi. Vijana wanaoanza kazi hudhani kauri ikiung'ang'ania uzi ndiyo bora zaidi. La hasha. Vikishikana mno, ufa hukata uzi kana kwamba haupo, tumerudi kwenye chungu. Kwa hiyo kabla ya kujaza tunaupaka kila uzi utando wa kaboni au boroni naitraidi, ambao mara nyingi haufiki unene wa mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Utando huo ni dhaifu makusudi. Ufa ukiufikia hupinda na kufuata ubavu wa uzi; uzi nao huteleza, huvutika, na nguvu ya ufa huishia humo. Kipande kitajaa nyufa ndogondogo na bado kitabeba mzigo. Kwangu mimi utando huo ndio ufundi wenyewe, mengine ni kupika.

Na kupika kwenyewe ndiko kunakomaliza fedha za kampuni changa. Kujaza kwa gesi hutoa kauri safi, lakini kipande hukaa tanurini wiki kadhaa. Sisi hulowesha kitambaa kwa resini, yaani utomvu wa viwandani, yenye silikoni na kukichoma pasipo oksijeni mpaka resini igeuke kauri. Ikigeuka husinyaa na kuacha matundu, basi tunalowesha na kuchoma tena, mara sita hadi kumi. Mwaka wetu wa kwanza nilifungua tanuri baada ya mzunguko wa nne nikakuta tabaka zimeachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Nilikuwa nimepandisha joto kwa pupa, gesi ikakosa pa kutokea. Ipo njia ya haraka, ya kumimina silikoni iliyoyeyuka, ila silikoni inayobaki bila kuungana na kaboni huyeyuka tena kwenye sentigredi 1,414.

Kisha kuna oksijeni. Nyuzi za kaboni hewani huanza kuliwa karibu na sentigredi 500. Silikoni kabaidi huzikinga kwa kujivika ngozi ya kioo, lakini penye joto kali na hewa haba, kama huko juu chombo kinaporudi, ngozi hiyo haiundwi. Silikoni huondoka kama gesi na kauri huliwa. Ndiyo maana majibu ya tanuri la kawaida hayanishawishi mpaka kipande kipigwe na mkondo wa plazma, gesi ya moto mkali mno yenye chaji za umeme.

Wateja wetu wengi hawatafuti ngao. Wanataka nozeli, yaani midomo ya kutolea moto, za injini ndogo za roketi. Kwa miaka mingi zimetengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya niobiamu, yenye uzito wa karibu gramu 8.9 kwa sentimita moja ya ujazo. Yetu ni kama gramu 2. Akishasikia hivyo, mteja huacha kuuliza habari za joto. Huuliza atakabidhiwa lini, nami hutazama tanuri na kuhesabu mizunguko iliyobaki.