“Utatangaza redio gani?” Dhana potofu kuhusu shahada ya mawasiliano

Kijana wa Dodoma akisema amechaguliwa kusoma shahada ya mawasiliano, hilo ndilo swali la kwanza nyumbani. La pili hutoka kwa mjomba: kwa nini hukuchukua ualimu? Wanaouliza hawana ubaya. Wanataja kazi wanazoziona kila siku, na ya afisa mawasiliano haionekani kirahisi kama ya mwalimu au mtangazaji. Shida ni kwamba hata wanafunzi wengi wa fani hii wanamaliza mwaka wa tatu wakiwa na picha ileile ya maiki na studio.

Dhana: mawasiliano ni utangazaji

Utangazaji ni mlango mmoja, tena mwembamba. Redio moja inaweza kwenda mwaka mzima bila nafasi mpya. Lakini Dodoma ni mji wa ofisi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, wizara zimekuja na vitengo vyao vya mawasiliano, na leo ukipita Mji wa Serikali kule Mtumba huwezi kukosa mtu wa fani hii katika jengo lolote la wizara. Halmashauri zina maafisa habari. Mamlaka za maji, mifuko ya hifadhi ya jamii, vyuo, hospitali na mashirika yasiyo ya kiserikali nazo zina maafisa uhusiano. Afisa habari wa wilaya kama Bahi au Chamwino anaandika taarifa kwa umma, anapiga picha za ziara, anaendesha tovuti, anajibu simu za waandishi, na Mwenge ukiingia wilayani siku hiyo hali wala halali.

Miradi mikubwa pia inawahitaji. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, lakini kabla ya treni kulikuwa na watu wa kuelezwa reli inapita wapi na fidia inakokotolewaje. Mkutano wa kijiji wa namna hiyo ukiendeshwa vibaya, mradi unaanza na ugomvi.

Halafu kuna kazi ndogondogo ambazo hakuna anayezipigia makofi. Chukua mfano wa kutunga, ila wa aina tunayoisoma kila wiki: “Kutokana na matengenezo ya miundombinu, huduma ya maji itakuwa hafifu katika baadhi ya maeneo ya jiji. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.” Maeneo gani? Lini? Mpaka saa ngapi? Sasa soma hili: “Nzuguni na Ilazo: kesho Jumatano maji yatakatika kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Tekeni leo.” La pili mwenyekiti wa mtaa analirusha kwenye kundi la WhatsApp bila kuongeza neno, na mama mwenye ndoo mbili anajua la kufanya. Tangazo hilo fupi linachukua muda kuliko lile refu, kwa sababu lazima kwanza umbane fundi mpaka akupe saa.

Dhana: ni kozi ya maneno matupu, haina sayansi

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi.

Kila msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za Novemba hadi Aprili kwa mikoa inayopata msimu mmoja, Dodoma na Singida ikiwemo. Utabiri huo huja kwa lugha ya “wastani hadi chini ya wastani” au “wastani hadi juu ya wastani”. Kwa wataalamu, wastani ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha miaka mingi. Sasa piga hesabu. Eneo linalozoea milimita 560 kwa mwaka, ambayo si mbali na hali ya Dodoma, “wastani” wake unaanzia milimita 420 na kuishia 700. Kwenye 420 mahindi yako mashakani wakati mtama na uwele vinaweza kukupa chakula. Kwenye 700 mambo ni mengine kabisa. Mkulima akisikia redioni “mvua zitakuwa za wastani” akaelewa “mvua zitakuwa nzuri”, hakuna aliyemdanganya, ila shamba limeshapandwa mahindi. Anayesimama katikati ya mtabiri na mkulima lazima ajue asilimia, ajue uwezekano ni nini, na ajue swali la mkulima ni nipande nini, lini. Ndiyo maana fani hii ina masomo ya takwimu na mbinu za utafiti, yale ambayo wanafunzi huyanung’unikia.

Mfano mwingine uko Kongwa. Wilaya hiyo ilisumbuliwa sana na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kuleta upofu, na watafiti walifanya kazi huko kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1995, vijiji vyote vilivyohusika vilipata dawa ya macho, lakini baadhi vikaongezewa kampeni kubwa ya kuwanawisha watoto uso. Trakoma kali ilikuwa pungufu kwa watoto wa vijiji vya kampeni. Na kampeni yenyewe haikuwa kubandika mabango. Katika nchi ya Wagogo, ambako maji yanafuatwa mbali, ilibidi kwanza kujua nani katika kaya anaamua maji yatumike kwa kazi gani. Huo ni utafiti wa hadhira, somo la darasani kabisa.

Dhana: mwenye simu na wafuasi hahitaji shule

Kwa kuuza nguo au kuchekesha watu mtandaoni, sawa, hahitaji. Kwa uandishi wa habari sheria inasema mengine: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu.

Hapo mtu hukujibu: mbona Mkapa hakusomea uandishi? Kweli, shahada yake ya Makerere ilikuwa ya Kiingereza. Akahariri magazeti, akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, akaongoza SHIHATA, shirika la habari la taifa, lilipoanzishwa 1976, akawa balozi, waziri, na mwaka 1995 Rais. Anayemtaja Mkapa kupinga shahada za namna hii anasahau kwamba huyo alikuwa mtu wa sanaa za lugha aliyezunguka kazi tano kabla ya urais.

Dhana: cheti kitanibeba

Hii ni ya wahitimu wenyewe. Nafasi za Serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira, na kwenye usaili wa mchujo mnajaa ukumbi, wote na shahada, wengi na GPA nzuri. Aliyewahi kuandika taarifa kwa umma ishirini na kuona tatu zikitumika hawezi kuwa sawa na aliyesoma maana yake kwenye slaidi. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ndiyo mahali pa kuyapata hayo, na hapa ushauri wangu ni mmoja: msikimbilie wote redio za mjini, ambako mwanafunzi anaweza kumaliza wiki nane akifungua geti la studio na kuagiza chai. Peleka barua mapema halmashauri ya Mpwapwa, Kongwa au Bahi. Huko afisa habari mara nyingi yuko peke yake, kazi zimemzidi, na ukifika Jumatatu, Jumanne ameshakukabidhi kamera.