Daftari la X na O: kusoma mwenendo wa hisa na vipande bila kuyumbishwa na bei ya kila siku

Katika mafunzo ya wawekezaji wapya sianzi na kompyuta. Naanza na daftari la hesabu, lile la visanduku ambalo mtoto wa darasa la tatu analo begini, pamoja na penseli na kifutio. Wengi wanaohudhuria wamezoea kufungua simu kila jioni kutazama bei ya kufungia. Hisa ikipanda shilingi 5 wanafurahi, kesho yake ikishuka shilingi 8 wanakosa usingizi, na mwezi haujaisha wameshauza kwa hofu. Chati ninayowafundisha inamfaa hasa mtu wa namna hiyo.

Inaitwa chati ya pointi na figa. Ilianzia Wall Street, New York, mwishoni mwa karne ya 19, enzi ambazo wafanyabiashara wa hisa waliandika bei kwa mkono katika safu za tarakimu. Baadaye tarakimu ziliachia nafasi alama mbili: X bei inapopanda, O inaposhuka. Katika miaka ya 1940, Mmarekani A. W. Cohen aliieneza kanuni ya visanduku vitatu, ambayo ndiyo inayotumika zaidi mpaka leo. Chati hii haina mstari wa muda. Wiki nzima ikipita bei haijasogea kwa kiasi ulichopanga, huandiki chochote, na daftari linabaki lilivyo.

Tuchukue hisa ya kufikirika inayouzwa shilingi 400. Tunaamua kwamba kila kisanduku ni shilingi 10, na kwamba hatuhami safu, yaani mstari wa visanduku uliosimama wima, mpaka bei igeuke kwa visanduku vitatu, yaani shilingi 30. Bei za kufungia kwa siku kumi na moja ni hizi: 400, 412, 418, 431, 425, 409, 398, 405, 422, 433, 441.

Siku ya kwanza ni ya kuanzia tu. Siku ya pili bei imevuka 410, basi weka X kwenye 410. Siku ya tatu ni 418, haijafika 420, usiandike. Siku ya nne imefika 431, weka X mbili, kwenye 420 na 430. Hapo ndipo penye mafunzo yenyewe, kwa sababu siku mbili zinazofuata bei inateremka mpaka 409. Imepoteza shilingi 22 kutoka kileleni, na mwenye hisa anayetazama simu ameanza kumtafuta wakala wake. Daftari halisemi kitu, kwa kuwa tulikubaliana safu haigeuki mpaka bei ifike 400. Inafika kesho yake, 398. Sasa unahamia safu ya kulia, unashuka kisanduku kimoja chini ya X ya juu kabisa, na kuandika O tatu: 420, 410, 400.

Siku za 405 na 422 hazibadilishi kitu. Ya 433 inageuza tena: safu ya tatu, X kwenye 410, 420 na 430. Halafu 441 inaongeza X kwenye 440, na X hiyo moja ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu imepita kilele cha safu ya X iliyotangulia. Wanunuzi walioshindwa kuvuka 430 mara ya kwanza sasa wamevuka. Hiyo ndiyo dalili ya msingi ya kununua. Dalili ya kuuza ni kinyume chake: safu mpya ya O ikishuka chini ya ile ya nyuma. Siku kumi na moja za soko zimebaki alama kumi, zilizoandikwa kwa siku tano tu.

Yapo mengine ya kujifunza baadaye. Chini ya O ya chini kabisa unaweza kuchora mstari wa nyuzi 45, unaopanda kisanduku kimoja kwa kila safu. Bei ikikaa juu ya mstari huo, mwelekeo unahesabiwa kuwa bado ni wa kupanda. Ukitaka kujua tarehe, andika namba ya mwezi badala ya alama ya kwanza ya mwezi huo, 1 mpaka 9, kisha A, B na C kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Ipo pia njia ya kukadiria bei itafika wapi kwa kuhesabu visanduku vya safu ya kwanza ya kupanda na kuzidisha mara tatu. Mimi simshauri mtu kupanga ada za watoto kwa hesabu hiyo.

Jambo linalowaangusha wengi ni ukubwa wa kisanduku, na sijaona mfano mzuri kuliko Safaricom ya Kenya. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Mwaka uliofuata bei ilishuka chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilivuka 40, na kufikia mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 15. Ukichora safari yote hiyo kwa kisanduku cha shilingi moja, pale bei ilipokuwa 3 ingelazimika kufika 6 ndipo upate safu mpya ya X. Unasubiri mtaji ujizidishe mara mbili ndipo daftari likubali kwamba kuna kitu kimebadilika! Kwenye bei ya 40, shilingi hizo hizo tatu ni asilimia 7.5 tu. Kwa hiyo kisanduku lazima kikue pamoja na bei. Marekani wana ngazi yao ya kawaida: senti 25 kwa hisa iliyo chini ya dola 5, senti 50 kati ya dola 5 na 20, dola 1 kati ya 20 na 100, kisha dola 2. Kwa masoko yetu napendelea kisanduku cha asilimia 2 au 3 ya bei, kikiandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari kabla hujachora alama yoyote. Anayebadili kisanduku katikati ya safari ili aione dalili anayoitamani anajidanganya kwa fedha yake mwenyewe.

Masoko yetu ni madogo, na hilo lina pande mbili. Zipo hisa Dar es Salaam zinazoweza kukaa siku kadhaa bila kuuzwa hata moja. Chati ya mstari wa muda inajaa mistari iliyolala, wakati hii ya X na O inasubiri kimya. Lakini pia mtu mmoja mwenye shida ya fedha anaweza kuuza hisa chache kwa bei ya chini na kukuandikia O tatu peke yake. Kabla ya kuiamini safu mpya, tazama idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo.

Tazama pia kama kampuni imegawanya hisa au imefunga daftari la gawio, yaani orodha ya watakaolipwa gawio. Equity Bank ya Kenya mwaka 2009 iligawanya kila hisa moja kuwa 10. Bei iligawanyika vivyo hivyo, na hakuna mwanahisa aliyepoteza chochote. Asiyerekebisha bei za nyuma angejikuta na shimo la O kurasa mbili, na dalili ya kuuza ya kutisha isiyo na maana yoyote.

Nimekuwa nikiulizwa sana kuhusu vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko ambazo wawekezaji wengi hununua. Kwa mfuko wa ukwasi, ule unaoweka fedha hasa kwenye amana za benki na dhamana za serikali badala ya hisa, jibu langu ni fupi: usijisumbue. Thamani ya kipande chake hupanda kidogo kidogo karibu kila siku, nawe utachora safu moja ya X mpaka daftari liishe. Mfuko wenye hisa ndani yake, kama Mfuko wa Umoja wa Tanzania ulioanzishwa mwaka 2005 ukichanganya hisa na hatifungani (mikopo yenye riba kwa serikali au kampuni), una cha kuonyesha, ila kwa kisanduku kidogo, pengine asilimia 1, kwa kuwa mchanganyiko wenyewe hupunguza mtikisiko.

Kwenye mifuko chati hii inafaa zaidi katika kulinganisha. Chukua thamani ya kipande cha mfuko mmoja, igawe kwa thamani ya kipande cha mwingine siku hiyo hiyo, zidisha kwa 100, kisha chora namba hiyo kwa X na O kama ulivyochora bei. Safu za X zikizidi kwenda juu, mfuko wa kwanza unauacha wa pili, hata kama yote miwili inapanda. Kama mmoja wao hutoa gawio, rudisha gawio hilo kwenye thamani yake kabla ya kugawa, la sivyo utauona umeshindwa siku ileile ulipokulipa. Hesabu hiyo inatosha kufanywa mara moja kwa wiki, Ijumaa jioni, baada ya bei kutangazwa.